Fundi Theuri na Popo wa Chania

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la kibanda chake pale Majengo, fundi Theuri huchukua kijiti cha kiberiti, hukizungushia pamba, hukichovya kwenye spiriti, kisha husafisha kichwa cha redio yake ya kaseti taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto sikio. Halafu hutia kaseti, hushusha sauti hadi karibu na kimya, na kuinama mpaka sikio liguse spika. Wimbo mmoja tu. Ukiisha, hufungua dirisha na siku ikaanza.

Watu wa Majengo wameyaona hayo kwa miaka mingi na wana maelezo yao. Wanasema fundi anajaribu spika. Mama Kinyua, anayeuza chai na mandazi kibanda cha pili, huwaambia hata wateja wake mwenyewe: "Huyo hawezi kuharibu redio yako. Kila siku lazima apime mashine kwanza, kama daktari." Theuri hajawahi kumsahihisha. Angeanzia wapi?

Kwa kumtazama, Theuri ni mtu wa miaka hamsini na minne mwenye sweta ya kahawia, kofia ya sufu na miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Wageni humdhania mzee wa kanisa. Hana pete ya fuvu, hana koti refu jeusi, na rangi nyeusi anayoijua vizuri ni ile ya viatu. Lakini kama kuna mtu mmoja katika kaunti nzima ya Nyeri anayeweza kukuambia, bila kufikiri, goth ni nini na si nini, ni yeye.

Ilianza Nanyuki, alipokuwa kijana wa miaka ishirini akijifunza ufundi katika duka la mzee Kirit. Mzungu mmoja alileta redio iliyomeza kaseti, akaacha na mfuko wa kaseti nyingine kumi na moja za kujaribia, akaenda, hakurudi. Mzee Kirit alingoja mwaka mzima, kwa sababu mali ya mteja ni mali ya mteja, kisha akamwambia Theuri, "Chukua wewe. Mimi hiyo kelele ya kaburini sitaki dukani."

Mwaka huo Theuri alikuwa amempoteza babake. Wajomba walimwambia kifungua mimba halii, kwa hiyo hakulia. Usiku alipoweka kaseti ya kwanza, alisikia gitaa la besi likitangulia peke yake, likitembea mbele kama mtu anayejua njia gizani. Nyuma yake ngoma kavu isiyobadilika, magitaa mengine yakining'inia mbali kama ukungu, na mwanamume mwenye sauti nzito akiimba bila haraka na bila kuomba msaada wa mtu. Theuri hakuelewa hata nusu ya maneno. Alielewa tu kwamba kuna watu mahali fulani ambao huzuni kwao si aibu. Huketi nayo mezani, wakaitengenezea mdundo. Jina la muziki huo alilijua miaka kumi baadaye, saiba, yale maduka ya intaneti, zilipofika mjini, akaandika maneno machache aliyoyakariri na kompyuta ikamjibu: goth.

Hakuwa na mtu wa kumwambia. Mkewe, Nduta, mwalimu wa shule ya msingi kule Wamagana na mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya, alisikiliza kaseti moja mara moja, akaizima. "Baba, nyumbani kwangu watu hawalii bila sababu," alisema, na tangu hapo kaseti zikaishi kibandani. Theuri hakukasirika. Alizoea tu, kama mtu anavyozoea kuzungumza lugha ambayo mwenzake wa mwisho ameshahama.

Halafu yakatokea mambo ya mazishi ya Wamagana.

Pamoja na kutengeneza redio, Theuri hupeleka spika na maikrofoni kwenye mazishi. Siku hiyo alikuwa akizikwa nyanya mmoja aliyeheshimiwa sana, mvua ikawa imekata barabara, na kwaya ikakwama na gari lake upande wa pili wa matope. Watu walikuwa wameketi chini ya turubai, kimya, jeneza mbele yao. Mwenyekiti wa kamati, Mutahi, akamjia Theuri kwa hatua za haraka.

"Fundi, weka kitu. Kitu ya polepole. Watu hawawezi kukaa tu hivi wakiangaliana."

"Sina nyimbo za kanisa hapa, mwenyekiti. Niko na kaseti moja tu, na hiyo..."

"Ni ya polepole?"

"Ni ya polepole, lakini..."

"Basi weka!"

Theuri aliweka. Besi ikatangulia, ikapita chini ya turubai, ikaingia kwenye miguu ya viti vya plastiki. Alijiandaa kufukuzwa. Badala yake wanaume walivua kofia. Akina mama wakainamisha vichwa. Mzee mmoja alitoa kitambaa akajifuta macho, na wimbo ulipokwisha, Mutahi akarudi amelegea usoni. "Hizo nyimbo za Wazungu wa zamani," alisema, "ziko na heshima sana. Rudia hiyo."

Akairudia. Na tangu siku hiyo familia za huko Tetu, Wamagana na vijiji vya jirani, zikawa zinamwita Theuri na kusisitiza kwamba aje na ile tenzi ya Wamagana. Alipojaribu kueleza kwamba si tenzi, mama mmoja alimpiga begani kwa upole. "Fundi, usiwe na aibu ya Mungu." Akaacha kueleza.

Lakini siku ile ya kwanza kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuinamisha kichwa. Mjukuu wa marehemu, msichana mrefu aliyevaa nguo nyeusi ambayo haikuonekana kuwa ya kuazima kwa mazishi, aliinua uso na kumtazama fundi moja kwa moja. Siku mbili baadaye alisimama kwenye dirisha la kibanda.

"Habari, fundi. Mimi ni Watiri. Tulimzika cucu yangu juzi."

"Pole sana, msichana wangu."

"Asante. Fundi, ile haikuwa nyimbo ya kanisa."

Theuri aliweka bisibisi chini. Alitazama kushoto, kwa Mama Kinyua, akatazama kulia. "Hapana," alisema kwa sauti ya chini. "Haikuwa."

"Ilikuwa goth."

Hakuna mtu aliyewahi kulitamka neno hilo mbele yake. Alijikuta akifungua mlango wa nyuma, kitu ambacho hakumfanyia mteja yeyote, akafuta kiti kwa mkono wa sweta. "Kaa," alisema. "Kaa hapo. Unajua ile ya pili kwa hiyo kaseti, ile yenye besi inaanza chini halafu inapanda?"

Watiri aliijua. Alikuwa na miaka ishirini na sita, aliuza dawa za mifugo katika agroveti karibu na stendi, na muziki huo aliupata kwenye simu yake peke yake, usiku mmoja baada ya mwingine. Kuanzia siku hiyo alikuja kila saa saba, wakati wa chakula, na sahani ya githeri. Walisikiliza. Walibishana kuhusu kaseti ya nne, ambayo Theuri aliipenda na Watiri alisema mwimbaji wake anaimba kama mtu aliyeketi kwenye siafu. Theuri alicheka mpaka miwani ikamwanguka. Mama Kinyua, upande wa pili wa ukuta wa mabati, alisikia kicheko hicho na kuwaambia wateja kwamba fundi ameokoka au amepata mkopo.

Wiki ya tatu Watiri akatoa siri yake. Yeye hupiga besi katika bendi ya watu wanne inayoitwa Popo wa Chania. Akamwonyesha picha kwenye simu. Theuri aliishika simu kwa mikono miwili. Nyuso nyeupe kama chokaa, macho yamezungushiwa masizi, makoti meusi yanaburura chini, mishumaa, na nyuma yao ukungu wa mto Chania wenyewe. Moyo wake ulimruka. Miaka thelathini na kitu, na kumbe walikuwa wanne, hapo hapo Nyeri!

"Gicheru ndiye anaimba," Watiri alisema. "Huyu mwenye meno marefu. Mchana anapima maziwa kwa ushirika."

"Na muziki?"

"Hapo ndipo niko na shida, fundi." Alichukua simu yake. "Kwa mtandao wanatutukana. Ati sisi ni popo wa plastiki. Ati tunavaa goth lakini hatupigi goth. Vijana wetu wanasema ni wivu. Lakini mimi nataka kujua kwa mtu anajua. Sisi ni goth ama si goth?"

"Siwezi kusema kwa picha," Theuri alijibu. "Lazima nisikie."

"Basi Jumamosi kuja Endarasha. Kuna siku ya wakulima, watu wa mbegu za viazi wametuita tupige."

Alikwenda. Nduta alipomuuliza anaenda wapi na sweta safi, alisema kuangalia viazi, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli, kwa sababu jukwaa lilikuwa limewekwa kati ya rundo la viazi vya mbegu na hema la kupimia udongo. Upepo wa nyanda hizo za Kieni ulikuwa mkali. Popo wa Chania walipanda mmoja mmoja, polepole, wakiwa wamenuna. Watoto wawili walilia. Gicheru alifungua koti lake kama mabawa na kuonyesha meno.

Hapo bibi kizee mmoja, kitambaa kichwani na fimbo mkononi, akajipenyeza hadi mbele ya jukwaa. Alizitazama nyuso zao nyeupe kwa muda mrefu, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Angalieni," aliwaambia waliokuwa karibu, "hawa wamepakwa ira vizuri, kama watoto wa zamani siku ya sherehe. Nilidhani hii kitu ilipotea." Maana kwa watu wa rika lake, chokaa nyeupe usoni si ya maiti, ni ya baraka, na aliyepakwa hana budi kubarikiwa. Akamwita Gicheru kwa kidole. Popo mkuu akainama pembeni mwa jukwaa, na bibi akamtemea mate kidogo kifuani mara mbili, kama wazee wanavyobariki.

"Ngai akuzidishie, kijana."

"Asante sana, cucu," alisema Gicheru, na meno ya bandia yakamtoka, akayadaka.

Theuri, aliyekuwa amesimama karibu na viazi, hakucheka. Alikuwa anangoja. Na wimbo wa kwanza ulianza na Watiri peke yake. Besi ikashuka, ikatembea hatua nane, kavu na tulivu, na nywele za mkononi mwa Theuri zikasimama ndani ya sweta. Ndiyo, aliwaza. Ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo, sasa msimharakishe mtoto...

Gitaa la kwanza, la Gicheru mwenyewe, likaingia kama ng'ombe aliyevunja ua.

Gitaa la pili likamfuata. Ngoma zikaanza kurusha mateke. Gicheru akatupa kichwa nyuma na kupiga ukelele ambao ulisikika, walisema baadaye, hadi kituo cha maziwa. Wimbo huo uliitwa "Kaburi Lina Mlango", na kwa jina hilo Theuri alikuwa ameuwekea matumaini makubwa, lakini ulikuwa unahusu kijana anayemkimbia baba mkwe kwa pikipiki. Ulikuwa na kiitikio. Kufikia mara ya pili wakulima wote wa Endarasha walikuwa wamekishika na wanakiimba, mikono juu, wengine wameshika viazi. Bibi kizee alikuwa anacheza. Wimbo wa pili ulihusu mapenzi, wa tatu ulihusu pikipiki tena. Gicheru alipiga magoti kwa raha zake, mpiga gitaa la pili akapanda juu ya spika, na nyuma kabisa Watiri aliendelea kupiga besi yake nzuri ambayo hakuna mtu aliyeweza kuisikia.

Ilikuwa roki ngumu. Hata mtu aliyezibwa sikio moja angejua. Furaha tupu iliyovaa sanda. Na jambo lililomuudhi Theuri kuliko yote ni kwamba alipoangalia chini, aliona kiatu chake cha kulia kinapiga mdundo. Alikikanyaga kwa kile cha kushoto. Kikaendelea.

"Umeonaje, fundi?" Watiri alimuuliza baadaye, jasho limechora mistari kwenye chokaa.

"Kulikuwa na upepo mwingi," alisema Theuri. "Sikusikia vizuri."

Jumatatu Watiri alipokuja, Theuri alisema bado anafikiria. Jumanne alikuwa na televisheni ya haraka ya hoteli. Jumatano alipoona koti jeusi linapinda kona ya msikiti, aliingia chini ya meza kutafuta skrubu ambayo haikuwa imeanguka. Hofu yake ilikuwa rahisi kuielewa, na ndiyo maana ilimtia aibu. Alikuwa amekaa miaka thelathini na zaidi bila mtu wa kuketi naye kwenye kile kiti. Vijana wa siku hizi ukiwaambia kitu wasichokipenda hawagombani nawe. Wanapita tu upande wa pili wa barabara. Angesema hapana, na saa saba ingekuwa tena saa saba ya kawaida, na redio za watu.

Alianza kufanya mazoezi ya kusema ndiyo. "Goth ni kitu pana," alijiambia akishika chuma cha kulehemu. "Goth iko na vyumba vingi."

"Fundi!" Mama Kinyua aliita kupitia ukutani. "Unaongea na nani huko? Ama redio imeanza kujibu?"

Theuri alichoka. Alitoka akamweleza yote, akiwa amesimama na kikombe cha chai, tangu muziki hadi chokaa hadi viazi. Mama Kinyua alisikiliza huku akigeuza mandazi.

"Kwani hii goth ni kanisa gani?"

"Si kanisa, Mama Kinyua. Ni muziki."

"Sasa kama si kanisa, mbona iko na watu wa kweli na watu wa uongo?"

"Kwa sababu... Wewe, mtu akikuletea mkate amekata kipande, akasema ni mandazi?"

"Nitamfukuza!"

"Hata kama ni mkate mzuri?"

Mama Kinyua alisimamisha mwiko. "Mkate mzuri nitakula," alisema. "Lakini nitamwambia ni mkate. Nikinyamaza, kesho atakuja kunifundisha kupika." Akamtazama juu chini. "Na wewe unaogopa kitu gani? Kasichana kanakuletea githeri kila siku. Unafikiri kanakuja juu ya sura yako?"

Theuri alirudisha kikombe, akarudi kibandani.

Alhamisi Watiri hakungoja saa saba. Alifika saa nne asubuhi, bado na koti la kazini lenye harufu ya dawa ya kupe, akapita mlango wa nyuma bila kubisha na kuketi.

"Fundi, leo hakuna skrubu," alisema. "Nilikuona jana chini ya meza. Kofia ilikuwa inaonekana."

Theuri alijishughulisha na waya.

"Unajua Reema, yule wa Nanyuki? Mjukuu wa mzee Kirit wako?"

"Namjua. Nilimbeba akiwa mdogo."

"Anafanya tamasha. Siku ya kwanza ni roki, siku ya pili ni goth. Hiyo ya pili kunakuja watu kumi na wawili kutoka Nairobi, goth wa ukweli, wale wanajua kila kitu. Anataka kujua sisi atuweke wapi, na anataka jibu leo." Aliinua simu. "Gicheru ameshaandika goth. Fomu iko hapa. Kilichobaki ni mimi kubonyeza. Nimekaa nayo tangu jana, fundi. Sijalala vizuri."

"Wenzako wanasemaje?"

"Wanasema mbona nisikilize mzee wa redio." Aliweka simu gotini. "Mimi nilitaka iwe kweli. Wao wanapenda tu makoti. Mimi ndiye nilileta hiyo neno kwa bendi. Nilifikiri tukivaa hivyo, na mimi nikiwa hapo nyuma na besi, polepole itakuja yenyewe."

Theuri aliinua macho. Alikuwa na ile sentensi yake tayari, ile ya vyumba vingi, na ilikuwa imekaa kwenye ulimi kama kidonge. Alimwona msichana ameketi kwenye ukingo wa kiti, simu gotini, kidole kimoja chenye rangi nyeusi iliyobanduka kikingoja juu ya kioo. Akamwazia amesimama Nanyuki mbele ya watu kumi na wawili ambao ni watu wake kabisa, wale ambao amewatafuta kwenye simu miaka yote hiyo, gitaa la Gicheru linavunja ua, na wao wanaanza kutazamana. Na akaona kwamba akisema ndiyo, hata kama atakuja tena kesho na kesho kutwa na githeri yake, atakayeketi kwenye kiti hicho hatakuwa mtu anayeweza kuzungumza naye. Atakuwa mteja mwingine wa kuitikiwa ndiyo, ndiyo.

Akazima chuma cha kulehemu. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Nje, Mama Kinyua alikuwa ameacha kugonga sufuria zake, na hilo lilikuwa jambo la nadra sana saa nne asubuhi.

"Niulize vizuri," alisema.

Watiri alivuta pumzi. "Fundi, ule muziki wetu. Ni goth kweli?"

"Hapana, Watiri," alisema Theuri. "Zile hatua nane za kwanza ulizopiga peke yako, hizo ni goth. Mengine yote ni roki ngumu, na ni nzuri."